Maua ya Karibu Mno

2 Februari

Mdogo wangu Kobe,

Salamu zako hizi hapa, na za Mama umpe kabla hujakaa chini, maana ukishakaa najua habari imekwisha. Huku tuko salama. Kikohozi cha shemeji yako kimeondoka, sasa amebaki na kukoroma, ambako daktari anasema si ugonjwa, nadhani kwa sababu yeye halali naye chumba kimoja. Wapwa zako wanapanda juu kama waliotiwa mbolea. Mkubwa ameanza kuvaa viatu vyangu bila kuomba. Mdogo ameng'oka meno ya mbele na kila akisema jambo anapiga mluzi bila kutaka. Nguo nilizowanunulia likizo iliyopita zimeshakuwa matambara ya kufutia vumbi. Nikamkumbuka Mama na msemo wake kwa wateja: vipimo vya mtoto ni kama maziwa, havilali.

Sasa sikiliza, maana nina shida na wewe. Unajua kazi yangu hapa kiwanda cha mbegu ni pakiti: picha gani ikae mbele, maneno gani yakae nyuma. Miaka yote tumetumia maua ya kuchora. Mwaka huu meneja ameamka na jipya. Anataka picha za kweli, na zitoke kwenye bustani ya nyumbani, si kwenye shamba letu la majaribio ambako maua yamesimama mistari kama askari wa zamu. Anataka za mwisho wa kiangazi, ua likiwa limekomaa na rangi yake imekolea. Kabla sijafikiri nikasema bustani ninayo.

Kamera ya Baba iko juu ya kabati la Mama, ndani ya soksi yake ya kijivu. Ndani ya bahasha hii kuna filamu. Piga asubuhi jua likiwa chini, au jioni likishalegea. La mchana linaunguza nyekundu, ukija kusafisha picha unakuta waridi limekuwa doa. Usinyunyize maji ukatudanganya kwamba ni umande, meneja anajua umande. Nataka zile dalia kubwa za njano karibu na tangi, zinia za pembeni ya njia, waridi la langoni, alizeti za ukutani. Halafu ukimaliza hayo, rudi nyuma hadi barazani, upige bustani nzima. Hiyo ndiyo meneja anayoitaka kuliko zote, kwa jalada la katalogi.

Mwambie Mama aongeze mistari yake chini ya barua kama ilivyokuwa. Barua zako mbili zilizopita hazina mwandiko wake. Nimezoea kukuta pale chini anauliza kama watoto wanavaa fulana za ndani.

Usichelewe. Najua naongea na nani.

Dada yako


20 Februari

Dada Sajini,

Amri imefika, pamoja na salamu. Za Mama nimempa nikiwa nimesimama. Hajambo. Anakula vizuri na usingizi anao. Hakuandika mistari yake kwa sababu miwani imevunjika mkono. Jirani wa upande wa tangi naye anakusalimu. Kuku wake wameongezeka, na mmoja ameamua kutagia ndani ya sanduku langu la spea. Juzi nimemrudishia mteja cherehani yake, akanipigia kelele kwamba inanuka kuku. Nikamwambia mashine za siku hizi zina mambo mengi.

Kamera nimeikuta. Soksi ilikuwa na tundu, kamera haina. Mwanzoni kile kidude cha kuvutia filamu kilikuwa kigumu, nikakitia tone la mafuta ya cherehani na sasa kinateleza kuliko alipokuwa nayo Baba. Studio ya mjini wamenisafishia filamu ya kwanza. Yule fundi wao alinitazama mara mbili. Akasema, "Kaka, huna mtu wa kumpiga picha?" Nikamwambia nina dada, na yeye ndiye anayetaka maua.

Nilipiga mapema sana, jua likiwa linachungulia tu. Mama alikuwa bado hajaamka. Nadhani wakati huo ndio mzuri. Utaona dalia imetoka vyema, hata yule mdudu mmoja mweusi amekaa kana kwamba amelipiwa. Zinia nazo nimeridhika nazo.

Kiangazi mwaka huu ni kikali. Nyasi zimekauka, lakini maji ya tangi yanatosha.

Kobe (mwenda pole hajikwai)


6 Machi

Kobe,

Hamjambo wote? Sisi tuko salama, isipokuwa mluzi wa mdogo umekuwa wa makusudi sasa, na mwalimu wake ameniita shuleni. Shemeji yako anasema ni kipaji. Shemeji yako hajaitwa.

Picha zimefika zote, na sikudanganyi, nimefurahi. Ile dalia ya njano nimeiweka juu ya meza yangu ya kazi na watu wanapita wakisimama. Meneja ameichukua akaipeleka hadi dirishani. Akasema, "Hii itauza." Kwa mtu yule hayo ni mashairi. Itakuwa mbele ya pakiti msimu ujao. Mwambie Mama.

Lakini Kobe, mbona unayakaribia hivyo? Zinia zako zinataka kumeza kamera. Nimezipanga zote mezani: dalia moja, zinia moja, waridi moja, alizeti moja. Kama picha za vitambulisho. Ua zuri, nyuma yake ukungu wa kijani, basi. Hakuna hata picha moja yenye maua mawili. Sijaona njia, sijaona tangi, sijaona hata kuku wa jirani, ambaye kwa maelezo yako yuko kila mahali. Na ile ya bustani nzima umeisahau kabisa. Rudi nyuma. Ni jambo dogo: unaangalia kwenye kamera, halafu miguu inarudi. Meneja ameniuliza mara mbili na mimi nimemjibu kwamba mpiga picha wetu ni mtu wa taratibu.

Halafu hiyo miwani. Wewe unafungua cherehani ukiwa umefumba macho, unaifunga tena na skrubu haibaki hata moja. Mkono wa miwani unakushinda nini?

Filamu nyingine hizi hapa.

Dada yako


17 Machi

Dada,

Salamu. Tuko salama. Miwani nimeitengeneza siku ile ile nilipopata barua yako, kwa aibu. Mama ameivaa na anaona vizuri. Ana shughuli siku hizi, ndiyo maana hajaandika. Ameingia tena kwenye chumba cha kushonea. Anakuwa humo mchana kutwa.

Mwalimu mwambie anipe huyo mtoto mwaka mmoja. Hapa kwangu mluzi hausikiki, cherehani zinapiga kelele kuliko yeye.

Kuhusu kurudi nyuma. Nyuma kuna mambo. Kwanza kuna kamba ya nguo ya jirani, na jirani ana nguo ambazo meneja wako hatapenda kuziweka kwenye jalada la katalogi. Pili ukuta umebanduka rangi. Tatu lenzi ya Baba ni ya zamani, ukiwa mbali inatia giza pembeni. Nne baraza limejaa mashine za watu. Nikiandika la tano utasema natafuta sababu, basi naishia hapo.

Nimekupigia filamu nzima, ya karibu. Nadhani zinatosha kwa pakiti. Waridi la langoni lilifungua ua jekundu hasa, nikaliwahi.

Na wewe unakuja lini? Mwaka jana ulisema mwakani. Mwakani ndio huu, na kiangazi kinaisha.

Kobe


29 Machi

Kobe,

Nitaanza na jambo, salamu zitafuata.

Hapa kazini tuna kioo cha kukuzia, kile cha kuweka jichoni kama fundi saa. Tunakitumia kukagua rangi kabla ya kuchapa. Leo nilikuwa nakagua waridi lako jekundu. Chini, pembeni kushoto, kwenye udongo, kuna kitu cheusi chenye uzi mwekundu uliozungushwa. Nikadhani ni mzizi. Nikaweka kioo.

Ni mkasi wa Mama. Mkasi wa nguo. Uzi mwekundu ni ule anaouzungusha pale kidole gumba kinapoingia, kwa sababu ya lile sugu lake.

Kobe, mimi na wewe tulikulia chini ya mkasi ule. Mimi nilichapwa kwa kukata karatasi ya daftari, ukurasa mmoja tu, halafu akakaa jioni nzima akiunoa huku ananitazama. Wewe ulikatazwa hata kuupitisha mlangoni mvua ikinyesha. Baba alipoomba kukatia kamba ya kufungia godoro, alipewa kisu na maneno. Haujawahi kukata kitu kisicho nguo. Unafanya nini kwenye udongo?

Nikazirudia picha zako zote kwa kioo, moja moja. Ule ukungu wa kijani nyuma ya maua. Nilidhani ni majani. Ni vijiti, Kobe. Vijiti vitupu, vimekatwa juu, vimenyooka. Katika kila picha ua ni moja kwa sababu ni moja lililobaki.

Watu wanasema mficha uchi hazai. Sitaki tena picha nzuri. Rudi nyuma upige kila kitu kilichopo, na nguo za jirani zikiwemo.

Salamu. Sisi wazima.

Dada yako


11 Aprili

Dada,

Salamu kutoka kwetu. Jirani hajambo, kuku hajambo, mimi nina mafua kidogo.

Kuhusu mkasi. Nikisema sikuuona hutaamini, na utakuwa sawa. Nilikuwa nimepiga goti, nikaangalia ndani ya kamera, nikauona vizuri, na uzi wake mwekundu. Ningeweza kunyoosha mkono nikauondoa. Nikabonyeza. Mama aliniapisha nisikuambie, kwa mdomo wala kwa barua. Kamera hakuitaja.

Ilianza mwaka jana. Kwanza shati la mteja lilitoka na vifungo upande usio wake. Mteja akacheka, Mama akacheka. Kisha kola ikashonewa kiunoni. Mteja akacheka, Mama hakucheka. Alinunua kitambaa kingine, akanipa nikakipeleka kwa fundi mwingine, shati likashonwa upya. Halafu akafunga chumba cha kushonea kwa mkono wake. Akaniita, akanikalisha kwenye kile kigoda cha wateja. Akasema, "Mshonaji anayesahau kola asishike nguo ya mtu." Akasema tena, "Dada yako asiambiwe. Akijua atakuja kutazama ugonjwa. Mimi nataka aje kunitazama mimi." Hapo akili yake ilikuwa timamu kama yako na yangu, nikaapa. Siri ya mtungi aijuaye kata, nami ndiye kata, nikanyamaza.

Bustani aliendelea nayo vizuri. Unakumbuka alivyokuwa akipita kila siku na kile kimkasi kidogo cha bustani, anaondoa yaliyonyauka ili mengine yatoke. Akawa hivyo miezi mingi. Hata mimi nikajidanganya kwamba ugonjwa umemsahau. Kisha asubuhi moja, kiangazi kikiwa katikati, nilikuwa barazani nafungua cherehani ya mtu, nikasikia mlio wa mkasi ambao siyo wa bustani. Unaujua mlio ule, mzito, wa kukata tabaka nyingi. Nikatoka. Alikuwa amemaliza zinia zote. Zilizochanua, zilizonyauka na zilizokuwa bado zimefumba. Nikasema, "Mama, haya hayajanyauka." Akanitazama kama anavyomtazama mteja anayebisha. Akasema, "Sogea, unanikanyagia kitambaa."

Anakata gauni lako, Dada. Bustani kwake ni jora la kitambaa cha maua, limetandazwa hadi ukutani. Vichwa vya maua anavikusanya kwenye kapu, anavipeleka chumbani, anavipanga kwenye meza ya kukatia juu ya zile karatasi za kaki zenye umbo la gauni lako la enzi za shule, anavibana na pini, kimoja kimoja. Mkono wake hautetemeki hata kidogo. Ananieleza huku anafanya: "Kitambaa cha maua kina kazi. Ukikata ovyo unapasua ua katikati, na ua lililopasuka linaonekana kifuani hata kwa mtu aliye mbali." Jioni yamenyauka. Asubuhi anakuta hakuna gauni, anachukua mkasi anaanza tena.

Mara moja nilimficha mkasi. Ni kosa nililolifanya kwa akili zangu zote. Alipekua nyumba nzima, akapekua hadi sanduku langu la spea na kumfukuza kuku. Kisha akatoka akaanza kunyofoa kwa mikono huku analia kwamba ameibiwa kitendea kazi. Waridi lina miiba, unajua. Nikaurudisha na kusema ulikuwa umeanguka nyuma ya meza. Akaufuta kwa khanga yake, akaubusu.

Basi ndiyo maana naamka kabla yake. Ua lililofunguka alfajiri nalipiga kabla halijawa gauni. Mchana hakuna kitu. Ningerudi nyuma ungeona vijiti, na kati yake mtu mmoja ameinama.

Nilimwonyesha picha yako, ile uliyotuma mwaka juzi, umesimama mbele ya kiwanda. Akaishika karibu na miwani. Akasema, "Huyu mteja simjui. Lakini hilo gauni halimkai mabegani." Nikamwambia ni dada. Akasema dada yuko shuleni, anarudi saa tisa, na gauni halijakamilika kwa sababu kila akiitwa kupimwa anakimbia.

Maji yamezidi unga, Dada. Nimechoka. Wakati mwingine nakuonea wivu hadi nakasirika, kisha nasoma habari za mluzi nacheka, hasira inaondoka, kesho inarudi. Siandiki ili uje. Naandika kwa sababu umeuliza.

Picha uliyoitaka nimeifunga kwenye karatasi nyeupe, peke yake. Nilirudi hadi barazani, kama ulivyosema. Nguo za jirani zimo.

Mdogo wako


20 Aprili

Mdogo wangu,

Pole kwa mafua. Pole kwa mengine pia, ingawa neno lenyewe ni dogo na sina kubwa zaidi. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, nami nilikuwa huku nikikuambia uharakishe.

Picha nimeitazama. Nilidhani nitalia nyumbani, nikalia kazini, chooni, kisha nikanawa uso nikarudi mezani kupanga pakiti za mchicha. Mama amekonda. Namna anavyoinama haijabadilika, mguu wa kushoto nyuma, kama vile meza ya kukatia iko mbele yake. Nimemwambia meneja picha ya jalada haipatikani. Akauliza kwa nini. Nikasema mwenye bustani ana matumizi na maua yake. Akanitazama kidogo, akasema basi jalada litachorwa. Dalia itabaki kwenye pakiti.

Ulikuwa ukiniuliza nakuja lini, nami nakujibu habari za meneja. Ni kweli meneja alitaka picha. Lakini mimi nami nilitaka kuona nyumbani bila kuingia ndani. Mistari ya Mama ilipokoma chini ya barua niliogopa, nikaona heri nianze na maua. Bado naogopa. Nimeomba likizo nikiwa naogopa na nimepewa. Nafika Jumamosi ya mwisho ya Mei, kwa basi la mchana. Wapwa zako nakuja nao, shemeji yako atafuata akipata ruhusa.

Sasa nisikilize vizuri, hii ni amri ya Sajini. Usimfiche tena mkasi. Nenda kwa Mama, umkute mezani, useme hivi: mteja wa gauni la maua amekubali kupimwa. Anakuja mwenyewe. Hatakimbia. Mwambie asikate tena hadi ampime, maana hakuna mshonaji anayekata kabla ya kupima, na yeye ndiye aliyetufundisha hivyo.

Atakuambia vipimo anavyo. Mwambie ni vya zamani. Atakuambia dada yuko shuleni, ni mtoto. Mwambie ndiyo, lakini mtoto amekua. Watoto hukua, ndiyo maana hupimwa upya. Vipimo vya mtoto havilali. Hilo hawezi kulikataa, ni lake.

Kama siku hiyo hatanijua, atakuwa na tepu mkononi na mimi nitakuwa nimenyoosha mikono. Hiyo itanitosha. Na lile gauni la kwenye picha nililinunua dukani. Ni kweli halinikai mabegani, miaka miwili sasa najua na hakuna aliyethubutu kuniambia.

Dada yako


15 Mei

Dada,

Salamu zenu tumepata. Mafua yamekwisha.

Nilifanya kama ulivyoandika, neno kwa neno, nikiwa nimesimama. Alikuwa ameshabana kwapa zima la mkono mmoja. Nikamwambia mteja anakuja kupimwa. Akasema vipimo anavyo. Nikasema ni vya zamani, mtoto amekua. Akaendelea kubana, pini mdomoni, nikadhani nimeharibu. Kisha akazitoa pini moja moja, akazichomeka kwenye kile kimto chake. Akasema, "Kwa nini hukuniambia mapema? Ningekata, gauni likambana, lawama zingekuwa zangu."

Mkasi ameutundika kwenye msumari wake, wa siku zote. Haujashuka tena. Kila asubuhi anafungua dirisha la chumba cha kushonea, anavaa tepu shingoni, anakaa kwenye kigoda cha wateja akitazama njia. Mchana namletea chakula pale pale. Ananiuliza kama mteja amefika. Namwambia Jumamosi. Anasema sawa, na baada ya muda ananiuliza tena.

Nadhani utauliza bustani. Vile vijiti vinachipua. Dalia zimefungua pamoja, nyingi, na zinia za pembeni ya njia zimeanza. Leo nimerudi nyuma hadi barazani na kamera, nikaona zote, nikabonyeza, haikulia. Filamu imekwisha. Nimeirudisha kwenye soksi. Njoo uzione mwenyewe.

Mama ana ujumbe kwako. Nilimuuliza kama ataandika mistari yake chini ya barua, akasema ana kazi, niandike mimi. Anasema mwambie mteja aje na viatu atakavyovaa na hilo gauni, vile vile hasa, asije na vingine. Mtu akipimwa na viatu visivyo vyake, pindo linakosea, na hapendi kumrudisha mtu nyumbani kwao.

Kobe